Neno "change" likienda Kifaransa: lipitishe kwanza kwenye Kiswahili chako

MwalimuWaUyole

Heshima kwenu wakuu. Wazee wetu shikamoni. Wanyalukolo, kamwene. Wa Rungwe na Kyela, mwagonile.

Uzi ni mrefu, mnivumilie. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu Jumamosi.

Nilikuwa Mbalizi, kwenye duka moja la spea pembeni ya barabara kuu, nimefuata taa ya pikipiki. Nikamkuta dereva wa lori kutoka Kongo, mtu mzima, suruali imelowa grisi magotini. Alikuwa ameshachagua mkanda wa feni na kopo la oili ya breki. Jumla elfu thelathini na saba. Akatoa noti nne za elfu kumi, akazipanga juu ya kaunta moja moja, akanyoosha mgongo, akangoja.

Binti wa dukani akamwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani kwa selotepu. Juu imeandikwa NO CHANGE. Chini yake, kwa herufi kubwa zaidi: PAS DE CHANGEMENT.

Dereva akaisoma, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kungoja. Binti naye akawa anangoja aondoke. Wamesimama hivyo, kila mmoja anamtazama mwenzake, mpaka dereva akauliza, "Na monnaie yangu?"

Neno hilo linatamkwa "mone". Binti akasikia "mani". Akajua mteja ameghairi, anataka hela yake yote. "Baba, hela hairudi, mzigo umeshachukua!" Dereva akapandisha sauti, binti naye akapandisha, na vijana wa bodaboda nje wakaanza kusogea mlangoni.

Nikaingilia. Elfu tatu zenyewe zilipatikana kwa wakala wa jirani ndani ya dakika mbili. Nikamweleza dereva kwamba karatasi ile ilikusudia kusema duka halina chenji. Akaitazama tena, akasema taratibu, "Lakini haijaandikwa hivyo."

Kweli haijaandikwa hivyo. "Pas de changement" ni "hakuna mabadiliko". Yeye alielewa kwamba bei haishuki, au kitu kikishauzwa hakibadilishwi, na akakubali masharti. Watu wawili waungwana, hakuna aliyetaka kumdhulumu mwenzake, wamekaribia kushikana mashati kwa sababu ya neno moja la Kiingereza lililobebwa mpaka kwenye Kifaransa bila kuulizwa limekuja kwa kazi gani.

Nimefundisha Kifaransa huku Nyanda za Juu Kusini kwa miaka mingi. Swali la namna hii naulizwa kila muhula: "Mwalimu, 'change' kwa Kifaransa ni nini?" Nami hujibu kwa swali: kwa Kiswahili ni nini? Mwanafunzi akishindwa kunijibu hilo, hajajua bado anachotaka kusema. Akiweza, Kifaransa kimeshafika nusu ya njia. Mwingereza anatumia neno moja kwa chenji, mabadiliko, kubadili nguo na kubadilisha fedha. Sisi tumeshayatenganisha tangu tunanyonya, na Mfaransa naye ameyatenganisha. Sasa kwa nini tutoke Mbeya kwenda Paris kwa kupitia London?

Nianze na ile ya kaunta. Chenji, ile hela unayorudishiwa, ni la monnaie. Kurudisha chenji ni rendre la monnaie. "Gardez la monnaie" ni "chenji baki nayo". Kwa hiyo karatasi ile ilitakiwa isome "Nous n'avons pas de monnaie".

Hapo kuna mtego uliomnasa binti wa watu. "Monnaie" na "money" ni ndugu wa tumbo moja, wote wamezaliwa na neno la Kilatini moneta, lililotokana na hekalu la Juno Moneta kule Roma, mahali sarafu zilipogongwa. Ndugu hao wakaachana njia. Kwa Mwingereza likawa hela yoyote. Kwa Mfaransa likabaki karibu na sarafu: chenji, hela ndogondogo, au sarafu ya nchi. Hela kwa jumla Mfaransa anaiita argent, na argent ndiyo pia madini ya fedha. Sasa tazameni kwetu: fedha ni madini, na fedha ni hela. Neno tumelipata kwa Waarabu, nao kwao ni yale madini. Mtoto wa Kitanzania hahitaji kueleweshwa kwa nini argent ni vitu viwili. Anayo tayari nyumbani.

(Na "hela" yenyewe, kwa wasiojua: Wajerumani walipotawala hapa, kuanzia 1904 rupia yao moja iligawanywa kwa heller 100. Kisarafu kile kidogo kabisa ndicho kilichotuachia jina la hela zote, hata za mabilioni. Huwa napenda sana habari hii.)

Tukija kwenye kitenzi ndipo utamu ulipo. Kiswahili kina mzizi mmoja, -badili, halafu tunauongezea mkia kadiri ya kazi: kubadili, kubadilisha, kubadilika, kubadilishana. Mfaransa hana mikia. Yeye ana kitenzi changer, na kazi ile ile anaifanya kwa kuweka au kuondoa kineno pembeni.

Kubadilika: *Mbeya a changé.* Mbeya imebadilika. Hakuna kitu baada ya kitenzi, basi.

Kubadili, yaani kuacha hiki na kushika kingine cha aina ile ile: changer de. *Changer de chemise*, kubadili shati. *Changer de place*, kubadili kiti. *Changer d'avis*, kubadili mawazo. Jina linalofuata halivai le wala la. Hii "de" naomba muishike kama roho yenu, maana ndiyo inayowaangusha wengi.

Kubadilishana: échanger. *Nous avons échangé nos numéros*, tumebadilishana namba. Na ukirudisha shati dukani wakupe lingine, pia ni échanger.

Kubadili nguo bila kutaja nguo gani: se changer. Na mama aliyebeba mtoto kule Mwanjelwa akisema "ngoja nimbadilishe mtoto", hakuna anayedhani anaenda kuleta mtoto mwingine. Mama wa Kifaransa anasema vivyo hivyo: *je vais changer le bébé*.

Halafu kuna mahali ambapo Kiswahili na Kifaransa vinakutana vikiwa vimemwacha Mwingereza peke yake. Gereji, Mwingereza anasema anabadili oili. Fundi wetu anasema nini? "Lete gari tumwage oili." Fundi wa Kifaransa anasema faire la vidange, na vidange inatokana na kitenzi cha kumwaga, kuacha kitu kitupu. Mafundi wawili, mmoja Soweto ya Mbeya na mwingine Lyon, wameitazama kazi ile ile wakaona jambo lile lile: oili chafu inatoka. Mwanafunzi anayepitia Kiingereza ataandika "changement d'huile". Ataeleweka, lakini fundi atajua huyu ni mgeni.

Spea ni pièce de rechange. Nguo za kubadilisha safarini ni vêtements de rechange. Marekebisho kwenye mkataba ni modifications. Mabadiliko ya tabianchi ndiyo changement climatique, hapo changement imekaa kwenye kiti chake.

Na lile neno ambalo wote tunalisoma kila siku mjini bila kujua tunasoma Kifaransa: kibao cha Bureau de Change. Hapo le change ni kubadilisha fedha za nchi moja kwa za nyingine, basi. Ukiingia mle na noti ya elfu kumi ukaomba sarafu za mia tano, hujafuata kazi ya ofisi ile. Sarafu pia, kwa asili yake ya Kiarabu, ni neno la watu wa kubadilisha fedha. Tunda lile lile, mti mwingine.

Naomba michango. Hasa madereva na wafanyabiashara wa Tunduma, mnaoishi na Kifaransa kila siku wakati mimi nakifundisha ubaoni.

KondaMstaafu

Mwalimu, salute. Nimepiga konda miaka kumi na moja, Kabwe mpaka Uyole, na baadaye Mbeya kwenda Tukuyu. Nakubaliana nawe karibu yote ila umepita haraka mahali pamoja.

Chenji siyo moja. Abiria akinipa elfu mbili, nauli haifiki hapo, anasema "chenji yangu", hapo anadai haki yake. Lakini asubuhi kabla gari halijajaa mimi nazunguka kwa mama ntilie naomba "una chenji?", hapo sidai kitu. Nataka hela ndogo. Nampa noti ananipa sarafu, hakuna aliyemdai mwenzake. Tangu mia tano ya noti ilipoletewa ndugu yake wa sarafu mwaka 2014, mfuko wa konda umekuwa mzito kama wa fundi bomba, ila asubuhi ya kwanza bado unakuwa mtupu.

Sasa Mfaransa hapo anatenganisha, au naye amechanganya kama sisi?

MwalimuWaUyole

Konda, asante sana, hapo umenishika pazuri. Neno ni lile lile, monnaie, lakini anatenganisha kwa kile kinachotangulia.

Abiria wako anayedai haki: *ma monnaie*, au *la monnaie*. Inajulikana, ina mwenyewe. Wewe kwa mama ntilie: *Vous avez de la monnaie ?* Hiyo "de la" inasema kiasi chochote, hela ndogo za aina yoyote. Na ukitaka akuvunjie noti maalumu: *Vous avez la monnaie de 10 000 shillings ?*

Sisi tunafanya kwa njia yetu. Anayedai anasema "chenji yangu", anayeomba anasema "una chenji?" Neno yangu limefanya kazi ya la.

Binti_Rungwe

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne. Kwenye jaribio niliandika "J'ai changé ma chemise" kwa maana ya nilibadili shati, nikakatwa alama mbili. Nilikasirika maana kwenye kamusi changer ipo na chemise ipo. Leo ndiyo nimeona "de". Lakini sijaelewa kosa langu lina maana gani. Ni kosa kabisa au ni kosa kidogo?

MwalimuWaUyole

Marahaba mwanangu. Swali lako ni zuri kuliko alama mbili.

Sarufi yako haijavunjika. Ila sentensi yako haisemi ulichokusudia. Mfaransa akisikia "j'ai changé ma chemise" shati linabaki lile lile na wewe umelifanyia kitu: umelipaka rangi? Umekata mikono? Anangoja uendelee. Ukisema "j'ai changé de chemise", ameshaona shati la kwanza limetupwa kwenye beseni na la pili liko mwilini.

Jisikilize kwa Kiswahili. "Nimebadili nyumba" na "nimeibadilisha nyumba". Ya kwanza umehama. Ya pili bado unakaa pale pale ila umepaka rangi na kuweka madirisha mapya. Kwa Kifaransa: *j'ai changé de maison*, halafu ya pili afadhali *j'ai transformé la maison*. Najua mitaani tunachanganya kubadili na kubadilisha, mimi mwenyewe nachanganya nikiwa na haraka. Lakini ukitulia, sikio lako linajua.

Mkweli_Iringa

Mwalimu kwa heshima zote, naona unachukua njia ndefu. Simu yangu inatafsiri kila kitu sasa hivi. Vijana hawana muda wa kuanza na mizizi ya Kiswahili kila wakiona neno. Halafu Kiswahili nacho kina maneno ya hivyo hivyo. "Saa" ni ya mkononi, ya ukutani, na ni dakika sitini. Mfaransa ana montre, horloge, heure. Mbona hapo Kiswahili hakikutusaidia?

MwalimuWaUyole

Mkweli, la saa nimekubali bila ubishi. Hapo sisi ndio wenye neno moja na yeye ana matatu, na ukimwambia Mfaransa "j'ai acheté une heure" hataelewa umenunua nini. Kiswahili hakitenganishi kila kitu. Ninachosema ni kwamba ndiyo lugha ambayo wewe unaijua mpaka ndani, kwa hiyo ndiyo unayoweza kuihoji.

La simu, nitakuambia nilichokifanya Jumamosi usiku. Nilichukua simu nikaandika maneno mawili, "no change". Nikaletewa yale yale ya ukutani. Nikafuta, nikaandika sentensi nzima, kwamba hatuna chenji ya kuwarudishia wateja wenye noti kubwa. Ikaleta monnaie, safi kabisa. Programu hizi zinategemea maneno ya jirani ili zijue neno limekuja kwa kazi gani. Ukiipa maneno mawili makavu, inabahatisha. Ile karatasi iliandikwa na mtu aliyebana maneno ili herufi ziwe kubwa.

Kwa hiyo tumieni simu, sina ugomvi nayo. Ipeni sentensi iliyoshiba. Na kuandika sentensi iliyoshiba kunakulazimisha kwanza ujue unasema nini.

Papa_Lushi

Ba ndugu, jambo yenu. Mimi niko chauffeur, natoka Lubumbashi, napita Kasumbalesa, Zambia, Tunduma, mpaka Dar. Sisi tunasemaka Swahili ya kwetu, musichoke nayo.

Kwetu Kifaransa ni lugha ya serikali, halafu kuko lugha ine za taifa, Swahili ni moja. Lakini ku duka tunasemaka "monnaie", hata ndani ya Swahili. "Nipe monnaie yangu." Chenji ya Tanzania nilijifunza hapa hapa barabarani. Siku ya kwanza mutu wa Mbeya aliniambia "subiri chenji", mimi nikafikiri gari itabadilishwa.

Ile karatasi ya Mbalizi mimi naijua. Nilisoma "pas de changement", nikaona ni maneno ya pièces, kama ukinunua pièce mbaya hawatakubali kuirudisha. Kwa hiyo nilifungua carton yote nikaangalia kila kitu mbele ya binti. Akakasirika, akafikiri siko namwamini.

Mwalimu, ukienda kule, usiwaandikie Kifaransa ya kitabu. "Prière de faire l'appoint" ni nzuri, iko ku bus ya Ulaya. Chauffeur mwenye ametoka njiani siku ine, andika wazi.

MwalimuWaUyole

Papa, karibu sana, na pole kwa yaliyokukuta. Umenifundisha jambo. Kweli nilikuwa nimekusudia "Prière de faire l'appoint". Kwa wasomaji: faire l'appoint ni kutoa kiasi kamili bila kuhitaji chenji. Ni Kifaransa kizuri, lakini Papa amesema kweli. Tangazo linaandikiwa msomaji aliyechoka.

Na hilo la carton limenisikitisha, maana binti naye aliumia siku hiyo na hajui mpaka leo kwa nini mteja alimtilia mashaka. Nitamweleza.

MzeeWaKitonga

Vijana salaam. Mimi nimeendesha malori barabara hii tangu lami yake ingali mpya. Mwalimu amezungumza shati na nyumba, hajagusa gia.

Ukishuka mteremko wa Kitonga na mzigo, gia unaishusha ukiwa bado juu mlimani, kabla hujaanza kona, na ukishaishika hiyo huigusi tena mpaka chini. Ukibadili katikati ya mteremko, ukakosa kuingiza, lori linakuwa huru na breki peke yake hazitakutosha. Nimewazika wenzangu pale. Sasa hawa wageni wakikaa na utingo wangu naye anataka kuwaonya, anasemaje? Kwa Kiingereza najua wanasema hilo hilo neno lenu, "change".

Papa_Lushi

Mzee, shikamoo. Kubadilisha gia ni *changer de vitesse*. Lakini kushusha gia ni *rétrograder*. Kwa Kitonga usimwambie mutu "change", hatajua apandishe ao ashushe. Mwambie: *Rétrogradez avant la descente !* Shusha gia mbele ya mteremko. Mimi pia nimepoteza rafiki pale.

MwalimuWaUyole

Mzee shikamoo, na poleni nyote wawili.

Nimeisoma hiyo mara tatu. Rétrograder. Neno la Kiingereza halisemi gia inakwenda wapi. "Kushusha gia" inasema. Rétrograder inasema. Pale Kitonga tofauti hiyo ni uhai wa mtu. Nitaifundisha wiki hii, na nitawaambia wanafunzi wameipata kwa nani.

Reli_Iyunga

Kwa kuongezea tu. Sisi wa TAZARA tunayo ya kwetu. Abiria akishuka treni moja na kupanda nyingine, anabadili treni: *changer de train*. Treni ya kuunganisha inaitwa *correspondance*, naona wengi wanadhani ni barua tu. Lakini mzigo ni habari nyingine. Reli yetu ina upana wa milimita 1,067 na ile ya zamani ya TRC ni 1,000, kwa hiyo pale Kidatu behewa la huku haliendi kule, mzigo unashushwa na kupakiwa upya. Kiingereza cha mtaani utasikia tena "change". Sisi tunasema kuhamisha mzigo. Wageni waliwahi kuniandikia *transbordement*.

Binti_Rungwe

Mwalimu, kwa hiyo mtu wa Tukuyu anayekwenda Iringa akifika Uyole anapanda gari lingine, ni "je change de bus à Uyole"?

MwalimuWaUyole

Ndiyo mwanangu. Barabara, bila kosa hata moja. Ile "de" imekaa.

KondaMstaafu

Mwalimu, nimekaa nikiwaza habari ya yule binti wa duka. Tangazo zuri ni sawa, lakini tatizo lake la kwanza ni kwamba hana chenji. Mwambie aende stendi jioni saa kumi na mbili, makonda wanafunga hesabu. Kila mmoja ana mfuko wa sarafu anatafuta mtu wa kumpa noti, maana tajiri wa gari hapendi kupokea masarafu. Aende na noti ya elfu kumi kumi kama mbili hivi. Aseme katumwa na mimi, wa Tukuyu, watamjua.

Mkweli_Iringa

Konda, hilo ndilo jibu. Na mwalimu, nimejaribu ile ya sentensi nzima kwenye simu. Nimeona tofauti. Nimeelewa ulichosema.

MwalimuWaUyole

Ndugu zangu, leo ni Alhamisi, nimerudi Mbalizi.

Nilikwenda na tangazo jipya nimeliandika kwa kalamu nene, kwa ushauri wa Papa: *Nous n'avons pas de monnaie. Préparez la somme exacte, s'il vous plaît.* Hatuna chenji, tafadhali andaa kiasi kamili. Nikamkuta binti na mwenye duka. Kwanza nikamweleza binti habari ya yule mteja aliyefungua boksi lote. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe alidhani hatubadilishi kilichoharibika. Na mimi nilimjibu vibaya." Papa, amesema ukipita tena usimame.

Kisha nikawasomea ujumbe wa Konda. Mwenye duka akacheka kwa furaha, akafungua droo, akamkabidhi binti elfu ishirini: "Nenda stendi jioni hii hii."

Nilipopita tena baada ya magharibi droo ilikuwa na marobota mawili ya sarafu za mia tano yamefungwa kwa mpira, na mengine ya mia mbili kwenye kopo la mafuta ya kupaka. Tangazo langu wamenirudishia, wakaniomba niandike lingine. Binti mwenyewe alishika karatasi nikimtajia herufi moja moja, akauliza kwa nini monnaie ina n mbili wakati inasikika moja, sikuwa na jibu fupi. Ameliandika kwa mkono wake, kubwa, na la Kiswahili juu yake:

CHENJI IPO
NOUS RENDONS LA MONNAIE

Papa_Lushi

Njo hivyo. Nitasimama Jumanne.